Gurudumu na Jina Lake: Uhakiki wa Msamiati wa Baiskeli na wa Kuteleza katika Kihispania

Utangulizi

Miongoni mwa vifaa vya walimu wa lugha za kigeni, hakuna kilichozoeleka kama orodha ya msamiati iliyopangwa kwa mada. Mwanafunzi wa Kihispania hupewa ukurasa wenye kichwa kinachohusu michezo na usafiri, na chini yake safu mbili: upande mmoja neno la Kihispania, upande wa pili neno la lugha yake. 'Bicicleta' ni baiskeli. 'Casco' ni kofia ngumu ya kujikinga. 'Patines' ni viatu vya magurudumu. 'Patinar' ni kuteleza. Orodha hukaririwa, mtihani hufanywa, na mada hufungwa. Kazi hii huonekana nyepesi, kwa kuwa baiskeli ni kitu kinachoshikika, na kitu kinachoshikika hudhaniwa kuwa na jina moja lisilo na utata.

Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo. Hoja yake ni kwamba msamiati huu, unaodhaniwa kuwa mwepesi kuliko mwingine wote, ndio unaoidhihirisha kasoro ya orodha. Kasoro yenyewe ina sura tatu. Orodha huficha kitenzi, huficha mahali, na humficha mtu aliyelipa neno maana yake. Wala hasara yake haiishii darasani. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, kutoka Ulaya hadi Amerika, na hata hapa barani Afrika katika Guinea ya Ikweta. Orodha inayotoa jina moja kwa kila kitu huwa imekwisha kuamua, bila ya kusema, ni wasemaji wa nchi gani walio na haki ya kutoa majina.

Asili ya majina

Chombo chenyewe kiliingia katika Kihispania na majina mawili, moja baada ya jingine. Katika miaka ya 1860, wakati Paris ilipokuwa ikitengeneza vyombo vya magurudumu mawili vilivyokanyagwa kwenye gurudumu la mbele, jina lililotumika lilikuwa 'velocípedo', lililoundwa kwa maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya kasi na mguu. Mnamo 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo. Chombo hicho kipya kikataka jina jipya. Wafaransa wakakiita 'bicyclette', na Kihispania kikalitohoa neno hilo kuwa 'bicicleta'. 'Velocípedo' likabaki kuwa neno la makumbusho.

Neno lenye silabi nne ni refu mno kwa mtu aliye na haraka, na mtaa haukukawia kulikata. Mahali pengi palishika kichwa chake na kusema 'bici'. Kolombia nayo hutumia pia 'cicla', neno linalokumbusha kiwiliwili cha 'bicicleta' kuliko kichwa chake. Hata katika kufupisha, basi, wasemaji hawakufuata njia moja.

La kuvutia zaidi ni kwamba jina la chombo kizima lilikopwa, ilhali majina mengi ya viungo vyake yalipatikana nyumbani. Kiti cha baiskeli ni 'sillín', yaani 'silla' ndogo. Na 'silla' ni kiti, tena ni tandiko la farasi. Uma unaoshika gurudumu la mbele ni 'horquilla', umbo la udogo la 'horca', uma ambao mkulima hugeuzia majani makavu. Gurudumu kubwa lenye meno, lile linalozungushwa na pedeli, huitwa 'plato', sahani. Kipande cha breki kinachobana rimu ni 'zapata', neno lililo jamaa ya 'zapato', kiatu. Zizi, shamba na jiko vilichangia kila kimoja fungu lake, na mashine ngeni ikavishwa nguo za nyumbani. Orodha inayoandika 'horquilla' mkabala na "uma wa baiskeli" haisemi uongo, lakini inamnyima mwanafunzi istiari ambayo ingemsaidia kulikumbuka neno na kuielewa akili ya walioliunda.

Kitenzi kilichofichwa

Orodha nyingi hukusanya nomino na kuacha vitenzi vijitafutie njia. Katika mada hii uzembe huo ni mkubwa, maana hapana kitenzi kimoja cha Kihispania kinachosimama sawasawa na "kuendesha baiskeli". Nchini Uhispania husemwa 'montar en bicicleta'. Ajentina, Chile na Meksiko hupendelea 'andar en bicicleta'. Kolombia na nchi za Karibi mara nyingi huondoa kihusishi na kusema 'montar bicicleta', baiskeli ikawa yambwa ya kitenzi moja kwa moja. Anayetaka kueleza safari badala ya mchezo husema 'ir en bicicleta', kwenda kwa baiskeli.

Yafaa kulitazama kwa makini umbo la Uhispania. Kitenzi 'montar' ni cha mpanda farasi. Lakini farasi hupandwa kwa kihusishi 'a': 'montar a caballo', kama vile mwenye kutembea kwa miguu anavyokwenda 'a pie'. Baiskeli hupandwa kwa 'en', kihusishi kile kile cha 'en tren' na 'en barco', yaani kwa treni na kwa meli. Hivyo kirai kimoja kimeunganisha zama mbili. Kitenzi kimerithiwa kutoka kwa mnyama, na kihusishi kimeazimwa kutoka kwa mashine. Mwanafunzi anayesema 'montar a bicicleta' kwa kumfuata farasi amekosea, lakini amekosea kwa sababu yenye mantiki. Na orodha iliyompa nomino pekee haiwezi kumweleza sababu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo orodha hulinyamazia kwa haya. Mtu wa Madrid anaweza kusema bila ya wasiwasi wowote kwamba atachukua baiskeli yake, kwa kutumia kitenzi 'coger'. Katika Meksiko na Ajentina kitenzi hicho kina maana ya matusi, na mahali pake husimama 'agarrar' au 'tomar'. Mgeni aliyefundishwa neno la nchi moja kana kwamba ni la nchi zote huweza kuaibika mbele ya watu, na lawama huangukia ulimi wake, si kitabu chake.

Mahali palipofichwa

Tofauti za vitenzi huleta kicheko au aibu. Tofauti za majina ya vipuri huleta gharama. Mfano ulio wazi ni 'llanta'. Nchini Uhispania neno hilo ni rimu, ule mduara wa chuma. Katika Meksiko, Kolombia na nchi nyingine nyingi za Amerika, 'llanta' ni tairi, yaani mpira, na rimu huitwa 'rin', neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Mtu mmoja akiagiza 'llanta' mbili Madrid na mwingine akaagiza 'llanta' mbili katika jiji la Meksiko, mmoja atapelekewa chuma na mwingine mpira, na wote wawili wamesema Kihispania sanifu cha kwao.

Tairi hilo hilo ni 'cubierta' kwa mwendesha baiskeli wa Uhispania au wa Ajentina, ni 'goma' katika visiwa vya Karibi, na ni 'caucho' katika Venezuela. Neno 'neumático', ambalo Uhispania hulitumia kwa tairi, nchini Kolombia hutaja tyubu, mpira wa ndani unaojazwa upepo, ambao mahali pengi pengine huitwa 'cámara'. Njiti za gurudumu ni 'radios' Uhispania na ni 'rayos' sehemu nyingi za Amerika, ingawa maneno yote mawili yalizaliwa na neno moja la Kilatini. Usukani ni 'manillar' Uhispania na ni 'manubrio' katika nchi nyingi za Amerika. Katika Peru na Kuba 'timón', usukani wa chombo cha majini, limepanda nchi kavu likaingia garini, na wapo wanaolitumia kwa baiskeli pia. Msomaji wa Kiswahili hatastaajabu sana, kwa kuwa "usukani" nao ulitoka jahazini kabla ya kufika kwenye baiskeli.

Hata mwiba una majina mawili. Uhispania na Ajentina tairi huchomwa: 'pinchar', na tukio huitwa 'pinchazo' au 'pinchadura'. Meksiko na Kuba husema 'ponchar', kitenzi kilichotokana na Kiingereza, na hivyo kikawa na undugu wa mbali na "pancha" ya Kiswahili. Kuba imekwenda mbele zaidi. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, mafuta yaliadimika kisiwani, na serikali ikaleta baiskeli nyingi kutoka Uchina ili watu wafike makazini. Fundi wa kuziba pancha ni 'ponchero', na kibanda chake ni 'ponchera'. Katika kamusi za kawaida 'ponchera' ni bakuli la kuchanganyia kinywaji cha karamu. Katika Havana ya miaka ile neno lilikuwa na kazi nyingine, na aliyetafuta kinywaji katika 'ponchera' angekuta gundi, beseni la maji na pampu.

Njia zenyewe zimegawanyika pia. Uhispania husema 'carril bici' kwa sehemu ya barabara iliyotengewa baiskeli. Chile na Meksiko huiita 'ciclovía'. Lakini Bogotá, jiji lililolipa neno hilo umaarufu, hulitumia kwa jambo tofauti kabisa. Tangu 1974 mji huo umekuwa na desturi ya kufunga barabara kuu kwa magari siku za Jumapili na sikukuu, ili waendesha baiskeli, watelezaji wa viatu vya magurudumu na watembea kwa miguu wazitumie kwa uhuru. Leo desturi hiyo huchukua zaidi ya kilomita 120 za barabara. Hiyo ndiyo 'ciclovía' ya Bogotá: ni tukio lenye saa ya kuanza na saa ya kwisha. Njia za kudumu, ambazo ziliongezwa kwa wingi kati ya 1998 na 2000, huitwa 'ciclorrutas'. Kwa hiyo mpangaji wa miji anayesoma ripoti ya Kihispania bila ya kujua ilikoandikwa anaweza kuhesabu kuwa njia ya saruji kitu ambacho ni asubuhi ya Jumapili.

Kuteleza

Upande wa kuteleza ni mfupi kwa maneno, lakini ni tajiri kwa maana. 'Patín' limekuja kutoka Kifaransa, na chimbuko lake la huko ni 'patte', mguu wa mnyama. Kutokana nalo vimezaliwa 'patinar', kuteleza. 'Patinador' na 'patinadora', mtelezaji mwanamume na mwanamke. 'Patinaje', mchezo wenyewe. Uwanja wake huitwa 'pista'. Kimsingi mchezo hugawanyika mara mbili, wa barafu na wa magurudumu, na lugha huueleza kwa nyongeza: 'sobre hielo' ni juu ya barafu, 'sobre ruedas' ni juu ya magurudumu.

Hapa pia mahali husema neno lake. Kolombia, nchi ya tropiki, ni miongoni mwa mataifa yenye nguvu zaidi duniani katika mbio za viatu vya magurudumu, na huko 'patinaje' likitajwa peke yake husikika kuwa ni la magurudumu. Barafu ndiyo inayohitaji kutajwa. Magongo ya kuchezwa juu ya viatu vya magurudumu, 'hockey sobre patines', yana wafuasi wengi Uhispania na Ajentina, na yalipoonyeshwa katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, Ajentina ilishika nafasi ya kwanza na Uhispania ya pili. Javier Fernández alipokuwa bingwa wa dunia wa kuteleza kisanaa juu ya barafu mwaka 2015 na tena 2016, Uhispania, nchi isiyo na mazoea makubwa ya barafu, ililazimika kuyazoea maneno ambayo hadi hapo yalikuwa ya wachache.

Utata ulio mkubwa umo katika watoto wa 'patín'. Ubao wa magurudumu manne anaousimamia kijana ni 'monopatín' nchini Uhispania na ni 'patineta' katika Meksiko na Kolombia. Nchini Ajentina 'monopatín' ni chombo kingine: kile chembamba chenye usukani, kinachosukumwa kwa mguu mmoja, ambacho Uhispania hukiita 'patinete' na Wameksiko walikipa jina la kuchekesha la 'patín del diablo', patín ya shetani. Zamani jambo hilo lilikuwa la watoto. Baada ya vyombo hivyo kutiwa betri na kuenea mijini, likawa jambo la sheria. Tangazo linalokataza 'monopatines' kupita kando ya barabara lingemhusu mtu mmoja Buenos Aires na mwingine Madrid. Sheria ya Uhispania, katika kanuni zilizoanza kutumika Januari 2021, ilitumia jina la ofisini, 'vehículos de movilidad personal', yaani vyombo vya mwendo wa mtu binafsi, vyenye kasi isiyozidi kilomita 25 kwa saa. Jina hilo ni sahihi, lakini ni vigumu kumsikia mtu akiliita mtaani.

Zaidi ya hayo, 'patinar' hubeba maana mbili ambazo safu mbili za orodha haziwezi kuzibeba. Ni kuteleza kwa kupenda na kwa ustadi, na ni kuteleza kwa bahati mbaya: gari juu ya lami yenye maji nalo 'patina'. Kutoka hapo neno limepanda hadi kwenye akili, na 'patinazo' ni kosa la mtu aliyeropoka au kuamua vibaya. Kiswahili nacho hujua kwamba ulimi huteleza, na husema kuwa kuteleza si kuanguka. Kufanana huku ni bahati njema kwa mwanafunzi wa Kiswahili, lakini hakuna orodha itakayomwonyesha.

Mtu aliyefichwa

Sura ya tatu ya kasoro ni kusahauliwa kwa wasemaji wenyewe. Mashindano ya kuizunguka Uhispania kwa baiskeli, 'Vuelta a España', yalianza mwaka 1935, na yale ya Kolombia mwaka 1951. Waendeshaji, waandishi wa magazeti na watangazaji wa redio walijenga lugha nzima juu ya mbio hizo. Anayejificha nyuma ya mwenzake ili akwepe upepo huambiwa kwamba 'chupa rueda', ananyonya gurudumu. Anayejitolea nguvu zake ili kiongozi wake ashinde ni 'gregario', neno lenye asili ya kundi la mifugo. Uchovu wa ghafla unaomwangusha mtu aliyekuwa na nguvu dakika chache kabla ni 'pájara', ndege jike. Wa mwisho ni 'farolillo rojo', kitaa chekundu. Njia ya juu kati ya milima ni 'puerto', neno lile lile la bandari. Waendeshaji wa Kolombia, mabingwa wa kupanda milima, waliitwa 'escarabajos', mende wa porini. Na Luis Herrera alipoishinda 'Vuelta a España' mwaka 1987, Uhispania yenyewe ililazimika kulitaja kwa heshima neno lililovuka bahari kutoka Amerika.

Maneno haya hayakukaa barabarani. Mwenye kufaidika na jasho la wenzake ofisini naye husemwa kuwa ananyonya gurudumu. Ajentina imekwenda mbali zaidi: 'bicicleta financiera' ni mchezo wa fedha ambamo mtu hugeuza dola kuwa peso, huziweka peso mahali penye riba kubwa, kisha huzirudisha kuwa dola kabla ya peso kuanguka, na 'bicicletear' ni kumzungusha mdai kwa ahadi za kesho na kesho kutwa. Chombo ambacho hakisimami isipokuwa kinakwenda kimetoa picha kamili ya uchumi wa namna hiyo. Mwanafunzi aliyekariri kuwa 'bicicleta' ni baiskeli atasoma gazeti la Buenos Aires asielewe kitu, ilhali neno analijua.

Kamusi na mamlaka

Itasemwa kwamba orodha ni ya wanaoanza, na kwamba undani ni kazi ya kamusi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Real Academia Española iliasisiwa mwaka 1713, na kwa muda mrefu kamusi yake ilikuwa na mazoea ya kulibandika neno la Amerika jina la nchi yake, huku neno linalotumika Uhispania pekee likiachwa bila alama yoyote, kana kwamba ni la watu wote. Ndiyo kusema 'patineta' lilihitaji cheti cha uzawa, na 'patinete' halikuulizwa. Mabadiliko yamekuja polepole: vyama vya akademia za Kihispania viliungana mwaka 1951, kamusi ya maneno ya Amerika ikatolewa mwaka 2010, na katika karne hii kamusi kuu imeanza kuyatia alama hata maneno yaliyo ya Uhispania tu. Hatua hiyo ya mwisho ni ndogo kwa wino na kubwa kwa haki. Inakiri kwamba kitovu nacho ni mahali.

Wataalamu wa Kiswahili wana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Tangu Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, neno la Mvita au la Lamu limekuwa likiingia kamusini likiwa na alama ya lahaja, na neno la Unguja likiingia bila alama. Usanifishaji ulikuwa na faida zake, na hakuna haja ya kuzikanusha. Lakini usanifishaji ni jambo moja, na kusahau kwamba uteuzi ulifanywa ni jambo jingine.

Hitimisho

Tiba ya orodha si kuifuta. Mwanafunzi anahitaji mahali pa kuanzia, na safu mbili ni mahali pazuri pa kuanzia. Kinachotakiwa ni mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: kila nomino iandikwe pamoja na kitenzi chake na kihusishi chake; kila neno lenye mipaka litajwe na nchi yake, Uhispania ikiwa mojawapo; na pale ambapo neno limetoka kwenye kitu likaenda kwenye mawazo, maana hiyo ya pili isiachwe nje kwa kisingizio cha wepesi. Mwalimu anayefundisha 'llanta' kwa namna hiyo atatumia mistari mitatu badala ya mmoja. Mwanafunzi wake akiingia dukani, Madrid au Bogotá, atajua la kuuliza kabla ya kulipa.